Jinsi ya kujibu maoni mabaya ya gemu: mwongozo kamili kwa mchapishaji mdogo

"Gemu nzuri lkn ikifika mtaji inaganda. Nimemaliza bando bure. Nafuta."

Nyota moja. Ilikuwa wiki ya pili tangu gemu yetu ya bao iingie Google Play, na maoni yote kwa jumla hayakuzidi kumi na moja. Nikajibu usiku uleule: kwetu inacheza vizuri, labda simu yako imejaa. Kulipokucha, wachezaji wengine wawili walikuwa wameandika kwamba inaganda palepale, na mmoja wao alilinakili jibu langu akauliza kama na simu yake nayo imejaa.

Kosa lilikuwa letu. Katika bao la kiswahili kuna kunamua, wakati wachezaji bado wana kete mkononi, halafu unakuja mtaji, kete za mkononi zikishaisha. Programu yetu ilipoingia kwenye mtaji ilianza kupiga hesabu za mizunguko mingi kwa mpigo, na simu zenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 2 zikashindwa. Yule mchezaji alitupa taarifa kamili ya kasoro kwa maneno kumi, bila malipo, na mimi nikamrudishia lawama.

Tangu hapo mimi ndiye ninayejibu maoni katika timu yetu, ya gemu zetu wenyewe na za vijana wachache tunaowachapishia kazi zao. Utaratibu ninaoueleza hapa ndio tunaoufuata. Umewekwa kwa ajili ya mchapishaji asiye na idara ya huduma kwa wateja, yaani watu wawili au watatu, kompyuta moja nzuri, na simu kadhaa za majaribio.

Kwanza, jua unamwandikia nani

Kila jibu lina wasomaji wawili. Wa kwanza ni yule aliyeandika. Huyo ana hasira, pengine ameshaifuta gemu, na huenda asirudi tena. Wa pili ni mtu ambaye bado hajapakua. Amefungua ukurasa wa gemu yako, ameangalia picha, ameshuka moja kwa moja hadi kwenye maoni ya nyota moja, kwa sababu ndiko watu wengi wanakotafuta ukweli. Anataka kujua mambo mawili: tatizo hili litanipata na mimi? Na likinipata, hawa watu wapo?

Andika kwa heshima ya wa kwanza na kwa manufaa ya wa pili. Ukimshinda wa kwanza kwa hoja, wa pili ataona duka ambalo mwenye duka anagombana na wateja mlangoni, naye atapita.

Jua duka linavyohesabu

Google Play hukupa herufi 350 kwa jibu, na kila maoni yana jibu moja tu, ingawa unaweza kulihariri baadaye. Mchezaji hupelekewa taarifa kwamba amejibiwa, na anaweza kubadilisha maneno na nyota zake. Tangu Novemba 2021 wastani wa nyota anaouona mtu kwenye simu hutokana na nchi ambako akaunti yake imesajiliwa. Wa Tanzania huona wastani wa Tanzania, wa Kenya huona wa Kenya. Kwa mdogo jambo hili ni zito: wachezaji ishirini wa Kenya wenye simu za aina moja wanaweza kuwa wameshakushusha huko, na wewe uliyeko Dar es Salaam unafungua ukurasa wako kila siku unaona nyota nne na nusu, unalala. Ingia kwenye takwimu za msanidi, yaani za akaunti ya mwenye programu, uangalie nchi kwa nchi.

App Store, duka la Apple, ilianza kuruhusu wasanidi wajibu Machi 2017, pamoja na iOS 10.3, mfumo wa simu za iPhone. Jibu linaweza kuchukua hadi saa 24 kuonekana. Unapotoa toleo jipya unaweza pia kuchagua wastani wa nyota uanze upya, lakini maoni yaliyoandikwa hubaki, na ukishafuta wastani huwezi kuurudisha. Usiuguse uchaguzi huo kwa sababu ya wiki moja mbaya. Unafaa pale tu gemu imebadilika kiasi kwamba wastani wa zamani unaeleza kitu ambacho hakipo tena.

Steam, duka la gemu za kompyuta, haina nyota. Mchezaji huonyesha dole gumba juu au chini, na gemu hupewa lebo kwa asilimia. Maoni yakiwa hayajafika 10, hakuna lebo. Yakifika, asilimia 70 hadi 79 huitwa chanya kwa sehemu kubwa, na 40 hadi 69 huitwa mchanganyiko. Sasa piga hesabu ya gemu ndogo: maoni 10, saba yanasifu, uko kwenye 70. Mmoja kati ya wale saba akibadilisha mawazo, umeshuka hadi 60 na lebo ya mchanganyiko inakaa juu ya ukurasa wako. Studio kubwa ina maelfu ya maoni, mtu mmoja hatikisi kitu. Wewe unatikiswa na kila mmoja, na uzuri wake ni kwamba kila mmoja unaweza kumfikia.

Jambo jingine la Steam: tangu Septemba 2016, maoni ya watu walioipata gemu kwa msimbo kutoka nje ya duka hilo hayaingii kwenye hesabu ya lebo. Ukigawa misimbo kwa marafiki ukitegemea madole yao, hujapata chochote.

Hatua ya kwanza: soma, na usijibu bado

Hasira hasara. Sisi tuna kanuni ya usiku mmoja: maoni yoyote yanayouma hayajibiwi siku hiyohiyo, isipokuwa yanayohusu fedha za mtu au gemu isiyofunguka kabisa. Lengo ni kujibu ndani ya siku mbili za kazi. Ukichelewa zaidi ya hapo mchezaji ameshasahau gemu yako inaitwaje.

Wakati unasubiri, fanya kazi ya upelelezi. Google Play hukuonyesha, pembeni mwa maoni mengi, aina ya simu, toleo la Android, toleo la gemu na ukubwa wa RAM. Angalia hayo kabla ya kumwuliza mtu swali lolote. Nimeona wachapishaji wengi wakiandika "tafadhali tuambie unatumia simu gani" wakati jawabu liko mbele yao kwenye skrini. Kwenye Steam, tazama saa alizocheza. Aliyecheza dakika 40 anakueleza habari za mlango: mafunzo ya mwanzo, menyu, vidhibiti. Aliyecheza saa 60 na bado akaweka dole chini anakueleza habari za ndani, na mara nyingi ndiye anayeipenda gemu yako kuliko wote. Kumbuka pia kwamba Steam humrudishia mtu fedha akiomba ndani ya siku 14 tangu anunue na akiwa amecheza chini ya saa mbili, kwa hiyo malalamiko ya saa ya kwanza yanakugusa mfukoni moja kwa moja.

Kisha andika kwenye daftari. Letu ni jedwali la kawaida lenye safu saba: tarehe, duka, simu, toleo la gemu, maneno yenyewe, aina ya tatizo, na hali ilipofikia. Safu ya maneno yenyewe usiifupishe. Laiti ningekuwa na daftari siku ile, neno "mtaji" lingenipeleka kwenye kasoro kwa dakika tano. Mtu hakusema gemu inaganda hovyo, alitaja mahali.

Android hukupa pia vipimo vya uzima wa programu. Google imeweka kiwango: asilimia 1.09 ya watumiaji wa siku wakikumbwa na gemu kujifunga ghafla, au asilimia 0.47 wakikumbwa na gemu kuganda bila kujibu, gemu yako inaweza kupunguziwa nafasi ya kuonekana dukani. Kwa hiyo mtu anapolalamika kwamba inaganda, linganisha maneno yake na vipimo hivyo. Mmoja akiandika, wapo wengine waliofuta kimyakimya.

Hatua ya pili: ongea na aliyetengeneza

Hapa ndipo mchapishaji anapotofautiana na mtengenezaji anayejiuzia mwenyewe, na ndipo tunapokosea zaidi. Jina lililo chini ya jibu ni lako, mikono itakayorekebisha si yako. Tulimchapishia kijana mmoja aliyekuwa mwaka wa mwisho chuoni. Mwenzangu akawajibu wachezaji wanne kwamba sasisho litatoka wiki ijayo. Wiki ijayo ilikuwa ya mitihani. Sasisho likatoka baada ya wiki tano, na katika hizo wiki tano jibu letu lilikuwa linasomwa na kila aliyefungua ukurasa, tarehe yake ikiwa wazi pembeni.

Tangu siku hiyo mkataba wetu na kila mtengenezaji una kipengele kifupi: nani anajibu, kwa lugha zipi, kasoro ya kuzuia mchezo inashughulikiwa kwa siku ngapi, na kwamba hakuna anayetaja tarehe kwenye jibu la hadharani mpaka toleo liwe limeshajaribiwa. Kama hamjaandikiana hivyo, andikianeni leo kwa ujumbe wa simu tu, inatosha kuanzia.

Mpelekee mtengenezaji maneno ya mchezaji kama yalivyo, pamoja na simu na toleo. Ila matusi yaondoe. Mtu aliyekesha miezi minane akitengeneza kitu hahitaji kusoma saa saba usiku kwamba kazi yake ni takataka. Kumkinga na hilo ni sehemu ya kazi ya mchapishaji.

Hatua ya tatu: andika

Anza na swali moja: hii ni *samahani* au ni *pole*? Lugha yetu imetupa maneno mawili na tunayachanganya. Pole ni ya kumfariji mtu kwa lililompata, hata kama wewe huhusiki. Samahani ni ya aliyekosa. Wachapishaji wengi huandika "Pole kwa usumbufu uliojitokeza" chini ya kila kitu, na msomaji wa Kiswahili anaisikia vizuri sana: usumbufu umejitokeza wenyewe, hakuna aliyeuleta. Gemu yako imekula bando la mtu? Samahani. Imefuta hatua alizofikia kwa siku kumi? Samahani, na useme ni nini kilichopotea. Intaneti yake ilikatika katikati ya mchezo? Hapo pole inafaa, na uongeze namna ya kuendelea bila intaneti kama ipo.

Kuhusu kumwita mtu: humjui umri wala jinsia, na jina la akaunti linaweza kuwa la mtoto au la mama yake. Acha "mkuu", "boss", "mpendwa mteja". "Habari" inatosha, au uingie moja kwa moja na asante. Mjibu kwa lugha aliyoandikia na kwa kiwango chake. Aliyeandika "game poa lakini inahang" hataki jibu la mtindo wa barua ya ofisi, wala hahitaji uigize Sheng usiyoijua. Kiswahili chepesi kinamtosha.

Jibu zuri la kasoro lina vitu vinne: umekielewa kitu gani hasa, chanzo chake, hali ilivyo sasa, na njia ya kukufikia. Hili ndilo nililopaswa kumwandikia yule wa mtaji, na ndilo lililokuja kukaa pale baadaye nilipolihariri lile la kwanza:

"Asante kwa kutueleza. Tumeiona hitilafu: kete za mkononi zikiisha na mtaji ukianza, simu zenye RAM ya GB 2 zinaganda. Tumeirekebisha katika toleo 1.4.2, lililotoka leo. Sasisho ni MB 6 tu. Mchezo uliokatika utaukuta ulipoishia. Ikiganda tena, tuandikie kupitia barua pepe iliyo kwenye ukurasa huu."

Halifiki herufi 300. Tazama mambo mawili ndani yake. Namba ya toleo ipo, kwa hiyo msomaji wa baadaye anajua lawama hiyo ni ya toleo lililopita. Na ukubwa wa sasisho umetajwa, kwa sababu mtu alilalamikia bando. Kumwambia apakue tena bila kumwambia itamgharimu kiasi gani ni kutomsikia. Kwa haki, ninapolisoma leo naona samahani haimo. Nafasi ilikuwepo. Ningeliandika upya ningeanza na "Samahani kwa bando lako".

Kama kasoro bado hujaipata, sema hivyo. "Tumejaribu kwenye simu mbili za aina yako bila kuiona. Ikikutokea tena, tutumie picha ya skrini kwa barua pepe" ni jibu la mtu anayefanya kazi. "Tunalishughulikia" peke yake halimwambii mtu chochote.

Usibandike jibu moja kwenye maoni kumi. Mtu akishuka chini ya ukurasa akakuta aya ileile mara kumi, hata ile moja iliyokuwa ya kweli inageuka mhuri.

Maoni ambayo hayana hitilafu ndani yake

Haya ndiyo magumu, na ndiyo yaliyonifundisha zaidi. Mchezaji mmoja alituandikia kwamba gemu yetu si bao, waliotengeneza hawajawahi kukaa barazani, na kwamba kwao nyumba, lile shimo maalumu la kila mchezaji, hailiwi vile. Nyota mbili.

Hakuna kilichoharibika. Programu ilifanya kile tulichoiagiza. Lakini bao huchezwa kwa taratibu zinazopishana kidogo kati ya mahali na mahali, na sisi tulichukua za mzee mmoja tuliyemjua tukaziita sheria za bao. Jibu la kujitetea lilikuwa jepesi: "Tumefuata sheria rasmi." Lingekuwa pia la uongo, kwa sababu alichokisema ni kweli kwa watu wa barazani kwake.

Katika hali kama hii tenganisha mambo matatu. Kuna alichotarajia, kuna ulichoahidi kwenye maelezo ya duka, na kuna kilichomo ndani ya gemu. Kama ulichoahidi na kilichomo havilingani, kosa ni lako na maelezo ya duka yabadilike siku hiyohiyo. Kubadilisha maelezo hakuhitaji mtengenezaji wala mitihani kuisha. Kama vinalingana na yeye alitarajia kingine, mweleze ulichokusudia bila kumwambia amekosea kutarajia. Sisi tulimjibu hivi: asante, sheria tulizoweka ni za namna moja ya kucheza na tulipaswa kusema hivyo, tumeongeza maelezo kwenye ukurasa, tungependa kusikia nyumba inachezwaje kwenu, barua pepe ni hii. Akaandika. Barua yake ilikuwa ndefu kuliko maelekezo yote ya gemu yetu, na mpangilio wa kuchagua namna ya kucheza nyumba, ulioingia matoleo mawili baadaye, ulitoka humo.

Malalamiko ya bei na matangazo nayo yako kundi hili. Mtu akisema matangazo ni mengi, usimweleze kwamba nanyi mnahitaji kula. Hesabu yanatokea mara ngapi kwa dakika kumi za mchezo, ukiwa umeshika simu mkononi kama mchezaji. Sisi tulihesabu tukakuta manne, moja likikatisha zamu. Hilo la kukatisha zamu tuliliondoa, tukamwambia tumeliondoa, na mengine tukasema wazi yanabaki kwa sababu gemu ni ya bure. Wengi hukubali jibu hilo wakiona kuna ulichokiacha.

Na wapo watakaosema tu gemu inachosha. Mara nyingi siwajibu hao. Ladha ni ya mtu, na asante yako chini ya kila maoni ya ladha inaonekana kama mlinzi anayewafuata wateja dukani.

Fedha zikihusika, ondoka hadharani upesi

"Nimenunua kete za dhahabu hazijaingia, wezi nyie." Haya usiyaache yalale. Jibu hadharani kwa sentensi mbili: samahani, tunalifuatilia, tuandikie barua pepe ukiwa na namba ya oda. Namba za oda za Google Play huanza na herufi GPA na ziko kwenye risiti iliyotumwa kwa barua pepe ya mnunuzi. Usimwombe aiandike kwenye maoni, wala namba ya simu, wala muamala wa M-Pesa. Kila mtu anasoma pale, wakiwemo matapeli watakaompigia wakijifanya ni wewe.

Ukishathibitisha kwamba alilipa na hakupata, mrudishie fedha au mpe alichonunua siku hiyo. Usimpe mtihani. Ikishakamilika, hariri jibu lako la hadharani liseme limekamilika, bila kutaja kiasi.

Matusi, uzushi na mafuriko

Maoni yenye matusi ya kabila au dini, vitisho, au matangazo ya biashara nyingine, yaripoti kwa duka kupitia kitufe chake, usiyajibu. Ila uwe mkweli unaporipoti. Duka haliondoi maoni kwa sababu ni makali au kwa sababu hayakutendei haki, na kuripoti kila cha nyota moja ni kupoteza muda wako na wao.

Mafuriko, yaani maoni mabaya yanayomiminika kwa mpigo, ni kitu kingine. Septemba 2017, studio ndogo ya Campo Santo ya San Francisco ilitangaza kwamba itamwekea PewDiePie, mtengeneza video maarufu wa YouTube, pingamizi la hakimiliki asitumie gemu yao ya Firewatch kwenye video zake, baada ya yeye kutamka neno la kibaguzi akiwa hewani. Ukurasa wa gemu ukajazwa maoni mabaya ya watu waliokasirishwa na hatua hiyo. Mwezi huohuo Valve, wenye Steam, wakaanza kuonyesha grafu ya maoni kwa muda, ili mnunuzi aone mwinuko wa ghafla na ajiulize sababu. Machi 2019 wakaongeza utaratibu wa kuyatoa kwenye hesabu ya lebo maoni yaliyomiminika kwa jambo lisilohusu gemu yenyewe.

Yakikupata, usijibu mmojammoja. Weka tangazo moja kwenye ukurasa wa gemu, la aya mbili, lieleze kilichotokea na msimamo wako. Yaripoti mafuriko hayo dukani. Endelea kuwajibu wachezaji wa kawaida wenye matatizo ya kawaida, maana katikati ya mafuriko nao wapo, na ni rahisi kuwasahau.

Njia tatu za kujiangamiza

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Februari 2018, Insel Games, mchapishaji mdogo wa Malta, alipoteza gemu zake zote kwenye Steam. Ilivuja barua pepe ya mkuu wa kampuni akiwataka wafanyakazi wanunue gemu yao mpya na kuiandikia maoni. Valve wakachunguza, wakavunja uhusiano. Ujumbe wa kikundi cha familia unaosema "jamani ingieni mnipe nyota tano" ni barua pepe ileile kwa umbo dogo. Marekani imeenda mbali zaidi: tangu 21 Oktoba 2024 kuna kanuni ya tume ya biashara, FTC, inayokataza maoni ya kughushi na vitisho vya kunyamazisha wakosoaji, na ina faini. Ukiuza gemu huko, inakuhusu.

Njia ya pili ni kupigana. Septemba 2016, Digital Homicide ya Arizona iliwafungulia kesi watumiaji 100 wa Steam wasiotajwa majina, ikitaka Valve ilazimishwe kuwataja. Valve iliondoa gemu zote za studio hiyo dukani, ikisema inawafanyia wateja uadui. Kesi haikufika popote.

Njia ya tatu ni kununua kimya: kumwahidi mchezaji sarafu za ndani ya gemu ili aongeze nyota. Google Play inakataza kutoa zawadi kwa ajili ya nyota. Ukimfidia mtu kwa hasara uliyomsababishia, mfidie na unyamaze kuhusu nyota. Akitaka kubadilisha, kitufe anakijua.

Hatua ya nne: rudi

Wengi hujibu mara moja, hutoa sasisho wiki tatu baadaye, na hawarudi. Hapo umefanya kazi yote na kuacha kuikabidhi. Toleo likishatoka, fungua daftari, chuja kwa aina ya tatizo lililorekebishwa, hariri kila jibu la zamani uongeze namba ya toleo. Kwetu kazi hiyo huchukua saa moja kwa kila toleo, na ndiyo saa yenye faida kubwa kuliko zote za mwezi. Yule wa mtaji hakurudi. Wale wawili wa asubuhi walirudi, mmoja akapandisha hadi nyota nne na kuandika: "Haigandi tena. Wekeni na ya kucheza wawili bila intaneti." Ombi hilo nalo liliingia daftarini.

Mfano mkubwa ni wa Hello Games wa Guildford, Uingereza. No Man's Sky ilipotoka Agosti 2016, wachezaji waliona haikufanana na walivyoahidiwa, na maoni kwenye Steam yakaporomoka. Studio ilikaa kimya kwa wiki nyingi, ikatoa sasisho kubwa Novemba mwaka huo, kisha mengine mengi bila malipo, mwaka baada ya mwaka. Novemba 2024 jumla ya maoni ikafika lebo ya chanya sana. Watu huitumia hadithi hii kusema kimya kinafaa. Mimi siikubali tafsiri hiyo. Hello Games walikuwa wameuza nakala nyingi mno, waliweza kukaa kimya na kufanya kazi. Mchapishaji aliyeuza nakala 300 akinyamaza wiki nane, watu wanajua amefunga duka. Kilicho cha kuiga pale ni kurudi na toleo mkononi, tena na tena.

Usisahau pia walioridhika, kwa sababu wao huwa hawaandiki wasipokumbushwa. Google na Apple wote wana dirisha rasmi la kuomba nyota ndani ya programu. Apple huliruhusu lionekane mara tatu tu kwa siku 365. Liweke baada ya ushindi, kwa mchezaji aliyeshacheza siku kadhaa. Usiliweke kwenye ufunguzi wa kwanza, na usiweke mbele yake swali la "umefurahi au hapana" ili wenye furaha tu wapelekwe dukani.

Ratiba ya watu wawili

Jumatatu na Alhamisi asubuhi: kusoma maduka yote na kujaza daftari, nusu saa. Jumanne na Ijumaa: kuandika majibu, mmoja anaandika, mwingine anasoma kabla hayajatumwa. Anayesoma ana swali moja tu la kuuliza: mimi ningekuwa sijaipakua gemu hii, jibu hili lingenisaidia nini? Kila siku, kwa dakika tano, mmoja hutazama kama kuna jambo la fedha.

Ruhusa ya kujibu kwenye akaunti ya msanidi mpe mtu kwa barua pepe yake mwenyewe, usigawe nywila ya akaunti kuu. Anapoondoka kwenye timu, mwondolee ruhusa siku ileile, na mwombe kwanza apitie daftari na wewe, mstari kwa mstari, mpaka yale yote aliyowaahidi wachezaji yawe yamepata mwenyewe mpya.